Mlinzi wa Majivu

Mwaka 1988 mwandishi Octavia Butler alifungua daftari lake na, ndani ya jalada, akaandika mambo yatakayomtokea. Hakuandika kama mtu anayeomba. Aliandika kama anayetoa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa: vitabu vyake vitasomwa na mamilioni ya watu, riwaya zake zitaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani, atanunua nyumba nzuri katika mtaa mzuri, atawasaidia vijana weusi wa familia maskini wasome, na wenye kipaji cha kuandika atawapeleka Clarion, kwenye warsha iliyomlea yeye mwenyewe; yeye na mama yake watapata matibabu bora kuliko yote, na akihitaji gari atakodi, siku yoyote atakayo.

Hilo la gari hunigusa kila nikilisoma. Butler hakuendesha gari. Alikuwa na riwaya saba au nane zilizochapishwa na tuzo mbili za Hugo, heshima kubwa kabisa kwa waandishi wa bunilizi za kisayansi, na bado alizoea kungoja basi kituoni katika eneo la Los Angeles, ambako asiye na gari huonekana kana kwamba amepungukiwa na kiungo. Mtu aliyebuni sayari nzima, na viumbe wanaobadilishana chembe za urithi na wanadamu, alipoketi kuandika ndoto zake mwenyewe aliandika gari la kukodi.

Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947. Baba yake, aliyekuwa akipiga viatu kiwi, alifariki Octavia angali mtoto mdogo. Mama yake, ambaye naye aliitwa Octavia, alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, alisemwa mbele ya mwanawe, akanyamaza, na jioni akarudi nyumbani na vitabu ambavyo wenye nyumba walikuwa wamevitupa. Binti alipofika miaka 10 aliomba mashine ya kuchapa. Mama akanunua. Fikiria hesabu ya mjane anayelipwa kwa kufagia nyumba za watu, akimnunulia mashine ya kuchapa mtoto asiyejua kuchapa! Mmoja wa wakubwa wa familia alimwambia mtoto huyo, kwa upole kabisa na bila nia mbaya, kwamba watu weusi hawawezi kuwa waandishi. Mtoto mwenyewe hakuwa amewahi kuona kitabu alichojua kimeandikwa na mtu mweusi.

Mwaka 1970 alikwenda Clarion, Pennsylvania, akauza hadithi mbili, akaamini mlango umefunguka. Ikapita miaka mitano bila kuuza hata neno moja. Aliosha vyombo, alipiga simu kuwauzia watu wasiowajua bidhaa, alikagua krispi kiwandani, na kabla ya hayo yote aliamka saa nane usiku ili aandike akili ikiwa bado yake. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka mwaka 1976. Kindred, ambamo mwanamke wa California ya 1976 anavutwa kurudi kwenye mashamba ya utumwa ya Maryland, ilifuata mwaka 1979.

Makaratasi yake yamejaa ahadi kama zile za 1988: kazi ya kukamilisha, fedha za kupata, afya ya kutunza, mikataba aliyojiandikia na kuisimamia mwenyewe. Wapo wanaoyaona haya kuwa majigambo, au aina ya mazingaombwe ya kujishawishi. Mimi naona kitu cha kawaida zaidi. Mwajiriwa hupangiwa malengo na mkuu wake, na asipoyafikia huitwa ofisini. Mwandishi hana wa kumwita. Asipojiandikia barua ya kujiajiri kila Januari, hakuna atakayegundua kwamba hakuja kazini. Kwa mwanamke mweusi aliyeandika kuhusu nyota na wakati ujao, katika fani ambayo kwa miaka mingi hakumwona mwenzake, barua hiyo ilikuwa pia kibali cha kuingia kwa mlango wa mbele.

Tarehe 24 Februari 2006 alianguka nje ya nyumba yake Lake Forest Park, karibu na Seattle, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Kisha mambo ya kwenye jalada yakaanza kutimia. Mwaka uliofuata, Carl Brandon Society, jumuiya inayowatetea waandishi na wasomaji wa bunilizi wasio Wazungu, ilianza kutoa ufadhili kwa jina lake, na vijana wakaenda Clarion, kama alivyosema. Septemba 2020, Parable of the Sower, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1993, iliingia kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Mwaka 2021 chombo cha NASA kiitwacho Perseverance kilitua Mirihi, katika bonde la Jezero, na mahali kilipotua pakapewa jina lake. Mwaka 2022 shule aliyosoma Pasadena ikabadilishwa jina ikawa yake. Makaratasi yake, masanduku zaidi ya 350, yako katika maktaba ya Huntington huko San Marino, jirani kabisa na Pasadena, ambako mama yake alifua, akapiga pasi na kufuta vumbi la watu wengine.

Habari hii husimuliwa kwa furaha, nami naelewa kwa nini. Picha ya jalada lile huwekwa kando ya tarehe ya Septemba 2020, na watu husema: mnaona, alisema na ikawa. Lakini kila nikifika hapo moyo unakataa. Haikuwa. Alisema kwamba itakuwa kwake, yeye, akiwa hai, asubuhi fulani afungue gazeti aone jina lake. Asubuhi hiyo haikufika. Tulioiona ni sisi. Furaha tunayoipata ni halali, na ni yetu, na hatuna haki ya kumwandikia marehemu kana kwamba yeye ndiye aliyeipokea.

Katika jalada hilo upo mstari mmoja ambao hakuna anayeweza kuutimiza tena, hata akitaka: ule wa matibabu ya mama. Mwaka 1995 Butler alipewa tuzo ya MacArthur, mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kuipata, dola 295,000 za kulipwa kwa miaka mitano. Mwaka 1996 mama yake akafariki. Fedha zilikuja na mama akaondoka, karibu katika pumzi moja. Ufadhili unaweza kurithiwa na jumuiya, na vitabu vinaweza kuuzwa na wachapishaji. Kumpeleka mama hospitali kwa gari la kukodi lilikuwa jambo la watu wawili tu, na wote wawili sasa hawapo.

Dada yangu alipofariki, baada ya kuanua tanga, ilitubidi tupange vitu vyake. Ndani ya tranka lake la shule, chini ya kanga, tulikuta kaunta buku la kwaya tatu. Upande wa mbele kulikuwa na hesabu za kikoba: nani kanunua hisa, nani ana marejesho, nani kapigwa faini kwa kuchelewa. Upande wa nyuma kulikuwa na malengo yake ya mwaka. Bati za jiko la mama. Ada ya mdogo wetu, muhula wa pili na wa tatu. Kupima macho. Kumaliza hadithi ya meli.

Hatukujua kwamba kuna hadithi ya meli. Tukafunua kurasa, tukaikuta. Meli ilikuwa inang'oa nanga Bandari ya Tanga kwenda Mwezini, na alichokuwa amefikisha ni orodha ya abiria tu. Bibi mmoja wa Pongwe mwenye mbegu za mchicha katika fundo la kanga. Fundi nguo aliyegombana na makarani kwa sababu hataki cherehani yake ikae na mizigo. Mwalimu mstaafu anayeuliza kila mtu kama huko kuna kaskazini. Kijana aliyekata tiketi mbili akaja peke yake. Kando ya kijana huyo, kwa kalamu nyekundu ile ile ya kuandikia faini za kikoba, dada aliandika: sababu itakuja.

Bati tuliezeka. Tulichangishana, fundi akaja, na jiko halivuji. Ada tulilipa, na mdogo wetu amemaliza shule. Watu waliokuja kutusalimia walisema kwamba mipango ya marehemu imetimia, naye amepumzika, na tuliitikia amina kwa dhati. Niligundua hata hivyo kwamba kila lengo tulilolitimiza lilinipunguzia uzito kidogo, na kwamba uzito wote uliosalia umehamia mahali pamoja, kwenye tiketi ya pili ya kijana yule. Ninaweza kumlipia mdogo wangu ada kwa sababu ada ni ada, haijali mkono unaoilipa. Sababu ya tiketi ile ilikuwa inakuja kwa dada, siyo kwangu.

Kwa hiyo nikarudi kwa Butler nikitafuta tiketi yake ya pili. Nayo ipo, inaitwa Parable of the Trickster.

Alikusudia mfululizo wa Parable uendelee. Katika kitabu cha kwanza, Parable of the Sower, binti aitwaye Lauren Oya Olamina anaanzisha imani mpya California ikisambaratika kwa ukame, moto na unyang'anyi. Mafundisho yake ni kwamba Mungu ni mabadiliko, na kwamba hatima ya wanadamu ni kwenda kuishi kati ya nyota. Kitabu cha pili, Parable of the Talents, kilitoka mwaka 1998. Butler alikuwa bado anakihangaikia mama yake alipofariki, nacho kimejengwa juu ya jambo moja: binti anasoma madaftari ya mama yake aliyekwisha kufa. Binti huyo aliporwa akiwa mchanga, akalelewa na watu wa dini iliyomtesa mama yake, na sasa, mtu mzima, ameketi na maandishi ya mwanamke aliyewapa maelfu ya watu tumaini bila kumpa yeye utoto. Anayasoma kwa hasira. Anabishana nayo. Kwangu hiki ndicho kitabu cha kweli kuliko vyote nilivyosoma kuhusu kurithi madaftari ya mfu, kwa sababu hakimlazimishi binti kusamehe ndipo aruhusiwe kuhuzunika.

Trickster kilikuwa kiwapeleke watu hao huko kwenye nyota hatimaye. Watafiti waliofungua masanduku ya Huntington wamekuta mianzo mingi ya riwaya hiyo, kurasa kadhaa hapa, kurasa kadhaa pale, kila mwanzo ukikatika na mwingine kuanza. Sayari wanayofikia wasafiri inaitwa Bow. Ni ya kijivu, ina unyevunyevu, inachosha roho, na rangi pekee inayoonekana ni ya upinde wa mvua unapotokea, ndiko ilikopata jina. Mbegu zao wamekuja nazo, mafundisho wanayajua kwa moyo, hatima waliyoahidiwa wameifikia. Nao wanalia kutaka kurudi nyumbani. Hamu ya Dunia inawaingia kama maradhi: katika mwanzo mmoja wanaanza kupofuka, katika mwingine wanaona yasiyokuwepo. Na aliyewekwa katikati ya haya yote ni mwanamke aitwaye Imara, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, ambaye kazi aliyopewa ni kuyalinda majivu ya Olamina.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mwandishi aliyetoka kumzika mama yake alibuni mwanamke anayebeba majivu ya mama wa imani kwenda mahali alikoota kufika na hakufika, na mahali penyewe, walipofika, pakawa ni pa kijivu. Hapo ndipo riwaya ilipokataa. Akabadili maradhi, akabadili wahusika, akaanza upya, nayo ikakataa tena.

Sababu za kukataa kwake zilikuwa nyingi, na baadhi hazikuwa na uhusiano na sanaa. Dawa za shinikizo la damu zilimfanya awe mchovu na mzito wa mawazo, na alilisema hilo waziwazi. Ikapita miaka saba tangu Talents hadi alipotoa Fledgling mwaka 2005, hadithi ya wanyonya damu aliyoiandika ili apate tena raha ya kuandika. Ninaamini pia kwamba Trickster ilikuwa inamdai jibu ambalo hakuwa nalo: watu waliopoteza dunia nzima, wakiwa wamefika walikotaka, wanaponaje? Olamina angejibu kwa aya ya mafundisho. Butler alikuwa mwaminifu mno kuiandika aya hiyo bila kuiamini.

Bunilizi zetu wenyewe za kisayansi zimewahi kupita njia ya karibu na hii. Mwandishi Katama Mkangi, katika riwaya yake ya Kiswahili Walenisi ya mwaka 1995, alimtia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo cha anga, na badala ya kufa akafika katika nchi ya watu walioishi kwa haki. Ni safari yenye matumaini kuliko ile ya Bow, na imeandikwa na mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake. Mkangi alifariki mwaka 2004. Ninawataja pamoja kwa sababu wote wawili walijua kwamba sayari nyingine ni mahali pa kuiulizia hii tuliyo nayo, na wote wawili wameondoka maswali yakiwa bado ya moto.

Januari 2025 moto uliteketeza maelfu ya nyumba Altadena, mji alikozikwa Butler, unaopakana na Pasadena. Kwa kuwa Parable of the Sower inaanza Julai 2024, ikapita mwaka 2025, na ina mioto mikubwa Kusini mwa California, watu walimwita nabii kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mapenzi yaliyomo katika jina hilo nayaheshimu, lakini jina lenyewe silipendi. Nabii hupewa. Butler alikata vipande vya magazeti, akavihifadhi, akasoma kuhusu hali ya hewa na magereza na bei za maji, akauliza kila kimoja kitakuwaje kikiachwa bila kushughulikiwa. Tukimwita nabii tunazifuta zile asubuhi za saa nane usiku. Tunaifuta pia hasara yenyewe, maana ufunuo ukikatika tunasema mwenye kuutoa ameamua hivyo, wakati kazi ya mtu ikikatika kuna kitu ambacho kingekuwepo na hakipo.

Ndiyo maana sitaki kufarijiwa haraka na masanduku 350. Tunapozika mwandishi tuna desturi ya kusema ametuachia hazina, na ni kweli, hazina ipo. Lakini ningependa kwenye matanga ya mwandishi asimame mtu mmoja azitaje kazi ambazo hazikuandikwa, kwa majina kama zina majina, watu wazililie. Trickster. Na nyingine zote alizokwisha kuota baada yake. Aliyefariki na miaka 58 angekuwa leo bibi wa miaka karibu 80, mkali, mwenye sauti nzito, akijibu barua za vijana waliotoka Clarion kwa ufadhili wenye jina lake. Hiyo ndiyo hasara, na ina ukubwa wake unaoweza kusemwa.

Kuna watakaotaka Trickster imaliziwe na mwandishi mwingine, au na mashine iliyolishwa vitabu vyake. Siungi mkono. Watu wa Bow wako palepale alipowaacha, wagonjwa kwa hamu ya nyumbani, na tiba yao ilikuwa kitu alichokuwa akikitafuta yeye, kwa mwili wake uliochoka, akimfikiria nani sijui usiku ule. Jibu la mtu mwingine litakuwa jibu la mtu mwingine. Wanaotaka kumwendeleza wafanye kama mwongozaji filamu Wanuri Kahiu wa Kenya, aliyeungana na mwandishi Nnedi Okorafor kwa kazi ya kuifanya Wild Seed, riwaya ya Butler, kuwa tamthilia ya televisheni: wachukue kilichokamilika, waingie nacho mahali papya, jina lao likiwa juu yake.

Nyumbani nimeombwa mara kadhaa niimalize hadithi ya meli, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika. Kila mtu ana sababu yake ya tiketi ya pili. Mama anasema mchumba alikataa dakika ya mwisho. Mdogo wetu anasema kijana alikuwa anarudi, siku za usoni, kumchukua mtu. Mama mdogo, aliyekuwa mhasibu wa kile kikoba, anashikilia kwamba alikata moja akapoteza, akakata nyingine, basi. Huwa tunabishana hadi chai inapoa, na jina la dada linatajwa mezani bila mtu kushusha sauti.

Nimewaambia sitaimaliza. Kaunta buku liko kwa mama, na yeyote akitaka kuisoma orodha ya abiria anaisoma. Mimi nimeanza yangu, inayoondoka Kigoma kwa njia ya ziwa, yenye abiria wengine kabisa, na kwenye malengo ya mwaka huu nimeandika kwamba rasimu ya kwanza itakuwa imekamilika kabla ya Juni.